Unataka kununua sistimu ya rekodi za wagonjwa? Ipime hivi kabla hujatoa hata shilingi

Ndugu zangu mnaoendesha kliniki, masista, maklinikali ofisa, na nyinyi wazee mlioweka akiba yenu humo, naandika hii nikiwa Kasese, Uganda, na nimeiandika kwa urefu manake nimechoka kuona watu wazuri wanapoteza pesa. Kila baada ya muda anakuja kijana na laptopu, anapita kliniki hadi kliniki anaonyesha sistimu, skrini inang'aa, rangi nzuri, mgonjwa wake wa mfano ana kila kitu mpaka namba ya ndaga muntu (kitambulisho cha taifa), na ndani ya nusu saa daktari ameshakubali.

Sisi tulinunua hivo hivo. Mwaka wa kwanza ikaenda vizuri kiasi. Mwaka wa pili muuzaji akaacha kushika simu, na siku leseni ilipoisha sistimu ikagoma kufunguka, wagonjwa wetu wote wa presha na sukari wakabaki mule ndani kama mzigo uliofungiwa kwenye stoo ya mtu mwingine. Kuna mama mmoja wa sukari alikuja tukamwuliza anatumia dozi gani, na yeye akatuangalia akasema, "Si nyinyi ndo mnaandika?" Hiyo siku sijaisahau mpaka leo.

Kwa hiyo ninachokwambia ni kitu kimoja na hatua zote hapa chini zinazunguka hapo hapo: usipime sistimu kwa siku nzuri ya muuzaji, ipime kwa siku mbaya ya kliniki yako. Umeme umekatika, foleni imefika nje, mtoto ana homa kali, na baadaye kabisa, siku unayoachana na huyo muuzaji.

Hatua ya kwanza: kaa kliniki yako siku nzima na daftari

Hii ni kabla hujampigia muuzaji yeyote. Chagua Jumatatu watu wakiwa wengi, mfuate mgonjwa mmoja kutoka mlangoni mpaka anatoka na dawa zake, alafu mwingine, wafike kumi. Andika kila mahali jina lake linapoandikwa. Kwetu tulikuta jina la mgonjwa mmoja linaandikwa mara saba: kitabu cha mapokezi, kadi yake, rejista ya OPD (wagonjwa wa nje), fomu ya labu, kitabu cha labu chenyewe, risiti, na daftari la famasi. Mara saba, na kila mahali herufi zimebadilika kidogo.

Andika pia maswali ambayo ukiulizwa leo huwezi kujibu bila kufungua vitabu nusu siku. Wagonjwa wangapi wa presha hawajarudi mwezi huu? Dawa gani itaisha wiki ijayo? Pesa ya jana ya labu inalingana na vipimo vilivyofanyika? Ukishayaandika yote chagua matatu tu, yale yanayokuumiza zaidi, uyaweke kwenye karatasi moja uitunze, tutairudia mwishoni. Kama shida yako kubwa ni pesa kupotelea kaunta, sistimu yenye chati nzuri za ukuaji wa mtoto haitakusaidia sana, na kama shida yako ni wagonjwa wa muda mrefu kupotea, sistimu inayojua kutoa risiti peke yake itakuacha pale pale.

Na tafadhali, usifanye hii kazi peke yako na mhasibu. Mwite sista wa mapokezi, mtu wa labu na wa famasi. Wao ndo watakaokaa na hiyo kitu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na wao ndo wanajua mahali mambo yanapokwama.

Hatua ya pili: jua kuna nini kabla hujaonyeshwa

Hapa nitapita haraka. Kuna sistimu za bure ambazo code yake, yaani maandishi yanayoiendesha, iko wazi kwa kila mtu. Kubwa ni OpenMRS, iliyoanza 2004 na sehemu ya kwanza kutumika kwa nguvu ilikuwa hapa jirani, Eldoret nchini Kenya. UgandaEMR yetu imejengwa juu ya hiyo OpenMRS na utaikuta zaidi kwenye vituo vya serikali na vya mashirika, hasa upande wa ARV. Kuna Bahmni, nayo inatumia OpenMRS ndani lakini imeongezewa Odoo kwa upande wa pesa na stoo, na OpenELIS kwa upande wa labu, kwa hiyo inafaa hospitali ndogo kuliko kliniki ya vyumba vitatu. Alafu kuna za kulipia zilizotengenezwa hapa hapa Uganda, kama ClinicMaster ya Kampala, na Stre@mline iliyokulia kwenye hospitali za kusini magharibi. Na kuna nyingi za nje unazolipia kila mwezi na kila kitu kinakaa kwenye intaneti.

Neno "bure" lisikudanganye. Leseni ndo bure. Mtu wa kuisimika, wa kuitunza, wa kufundisha watu wako, na kompyuta ya kuikalisha, hivo vyote ni pesa. Ila kwa ile ya code wazi kuna jambo moja ambalo mimi nalithamini sana baada ya yaliyotupata: fundi akikukimbia unaweza kutafuta fundi mwingine, hakuna mtu mmoja aliyeshika ufunguo.

Hatua ya tatu: chomoa intaneti, zima umeme

Wengi hapa wanauliza swali moja, "iko kwenye intaneti au iko kwenye kompyuta ya ofisini?" Swali lenyewe ni zuri lakini jibu la mdomo halitoshi. Mnakumbuka Januari 2021, uchaguzi ulipofika intaneti ikazimwa nchi nzima, siku karibu tano hakuna kitu. Sasa fikiria rekodi za mgonjwa wako mwenye aleji ziko kwenye seva ya ng'ambo na wewe huku huwezi hata kufungua ukurasa wa kuingilia. Na hata bila uchaguzi, mvua ikinyesha tu mlimani huku kwetu neti inasuasua.

Kwa hiyo siku ya majaribio simama ukachomoe ruta kwa mkono wako, katikati ya mgonjwa, bila kumwambia muuzaji. Angalia vitu vitatu. Je mapokezi wanaweza kuandikisha mgonjwa mpya? Je daktari anaona historia ya zamani? Na ukirudisha ruta, yale yaliyoandikwa gizani yanapanda yenyewe bila kurudiwa mara mbili? Muuzaji akisema "inafanya kazi bila intaneti" alafu ukachomoa akaanza kutafuta simu yake awashe hotspoti, umeshapata jibu lako.

Mimi kwa kliniki za huku napenda ile inayokaa kwenye kompyuta moja ya ofisini, wengine wanaingia kwa waifai ya ndani, alafu nakala inapanda kwenye intaneti usiku. Lakini ukichagua hivo ujue umejichukulia kazi ya bakapu. Na bakapu isikae jengo moja na kompyuta. Mei 2020 mto Nyamwamba ulipofurika uliiharibu hospitali ya Kilembe, watu wa Kasese tuliona kwa macho yetu, sasa kama bakapu yako iko kwenye flashi ndani ya droo ya meza ile ile, maji yanachukua vyote viwili. Weka moja kwenye intaneti, imefungwa kwa paswadi, na moja kwenye hard disk inayokwenda nyumbani kwa mtu mmoja unayemwamini kila Ijumaa, nayo imefungwa. Alafu mwambie muuzaji achukue hiyo bakapu airudishe kwenye laptopu nyingine tupu mbele yako, leo, sio siku nyingine.

Umeme nao piga hesabu. Yaka, umeme wa kulipia kabla, inaisha usiku, au laini inakatika mchana mzima. Laptopu moja ya kawaida inakula kama wati 40 ikifanya kazi, tatu ni 120, ruta kama 10, jumla 130. Betri moja ya volti 12 na ampia saa 100 ina wati saa 1,200, na usipende kuimaliza kupita nusu kama ni ile ya asidi, kwa hiyo una 600, inveta nayo inakula kidogo, unabaki na masaa manne hivi. Je masaa manne yanakutosha? Kama umeme wenu unaweza kukosekana siku nzima basi ongeza betri au sola, na hiyo pesa iingie kwenye bei ya sistimu tangu mwanzo. Ndo maana nasema nunua laptopu, sio kompyuta za meza, zile za meza zinakula zaidi na zinazimika papo hapo.

Hatua ya nne: demo ifanyike kwa wagonjwa wako, na mikono ya watu wako

Hapa ndo pa kutumia muda, naomba usiruke. Sheria ni moja: muuzaji anakaa pembeni, sista wako ndo anabonyeza. Muuzaji aelekeze kwa mdomo tu. Yeye ameifanya demo yake mara mia, vidole vinajua njia, lakini sista wako anaandika kwa vidole viwili na ana watu ishirini wanamwangalia. Andaa wagonjwa wa mfano mapema kwenye karatasi, majina ya kubuni, usitumie mgonjwa wa kweli. Mimi natumia hawa.

Wa kwanza ni Biira. Huku kwetu Bakonzo majina yanafuata mpangilio wa kuzaliwa, mvulana wa pili ni Bwambale, msichana wa pili ni Biira, kwa hiyo karibu kila nyumba ina Bwambale na ina Biira. Andikisha Biira watatu, wawili wana umri mmoja na wanatoka Bwera, wote wametumia namba ya simu ya mama mmoja. Mmoja ametoka ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, upande wa Congo, hana ndaga muntu na tarehe ya kuzaliwa haijui, anajua tu alizaliwa msimu wa kahawa. Sistimu inamkubali mtu asiye na NIN, ile namba ya ndaga muntu? Inakubali umri wa kukadiria au inalazimisha tarehe mpaka sista anaweka 1 Januari kwa kila mtu? Ukitafuta "Bira" na i moja, inamleta? Na ukigundua Biira mmoja ameandikishwa mara mbili, unawezaje kuziunganisha rekodi zake bila kupoteza kitu? Kwa kweli kama sistimu imeshindwa hapa, mengine yote sina haja nayo, manake dawa ya Biira mmoja kuingia kwenye rekodi ya Biira mwingine ni hatari ya maisha.

Wa pili ni mtoto wa malaria. Kipimo kimetoka chanya, uzito kilo 14, andika Coartem. Kwa kilo 5 mpaka chini ya 15 ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 6. Sasa rudi ubadilishe uzito uwe 16, hapo inakuwa vidonge viwili viwili, jumla 12. Angalia kama uzito unaonekana pale pale daktari anapoandika dawa au umefichwa kwenye ukurasa mwingine, angalia kama idadi inabadilika, na kama haibadiliki, je inakupa hata onyo? Alafu nenda famasi uone wamepokea nini, na stoo imepungua ngapi. Mimi sitegemei kompyuta inifundishe dozi, lakini saa tisa mchana mgonjwa wa hamsini nataka inilinde nisikosee.

Wa tatu ana aleji ya penisilini, imeandikwa wazi kwenye rekodi yake. Mwandikie amoksilini, ambayo ni ya ukoo wa penisilini. Sistimu nyingi zitalia. Sasa futa, andika Ampiclox, alafu Augmentin. Hapo ndo utaona ipi inajua dawa yenyewe na ipi inasoma jina tu, manake hizo mbili zote zina dawa za ukoo wa penisilini ndani na kwetu ndo majina ambayo watu wanayatumia.

Wa nne ni wa labu. Majibu yametoka mgonjwa ameshaondoka, alafu fundi wa labu anagundua amekosea, anayabadilisha. Fungua rekodi uangalie: jibu la kwanza bado linaonekana? Inaonyesha nani alibadilisha na saa ngapi? Kama jibu la zamani limefutika kabisa bila alama, usiendelee.

Wa tano ni mama mjamzito aliyepimwa virusi vya UKIMWI. Ingia kama mtu wa mapokezi, kwa paswadi ya mapokezi, umtafute. Unaona nini? Kama kaunta inaona majibu yake, au jina la kliniki ya ARV linajitokeza kwenye risiti yake, huyo mama siku moja ataumizwa na sisi. Mji ni mdogo. Na hapo hapo ulize kama kila mfanyakazi anapata paswadi yake bila kulipiwa zaidi, manake kampuni zinazotoza kwa kichwa zinawafanya watu watumie paswadi moja wote, na baada ya hapo huwezi kujua nani alifanya nini.

Wa sita ni wa pesa. Analipa elfu kumi mkononi, elfu kumi na tano kwa mobaili mani, elfu tano atalipa mwisho wa mwezi. Baada ya kulipa dawa moja haipo, arudishiwe. Kama mnapokea watu wa bima, mwongeze mmoja ambaye bima inalipa vipimo lakini hailipi dawa moja. Mwisho wa siku kashia afunge hesabu, uone kama pesa ya mkononi, ya MTN na ya Airtel zimejitenga na kama risiti iliyofutwa imebaki na jina la aliyeifuta. Na kama kliniki yako iko chini ya EFRIS, ile sistimu ya risiti ya mamlaka ya mapato URA, sema tangu siku ya kwanza, usisubiri.

Kila mgonjwa mpimie muda kwa simu. Kwenye kitabu sista wangu anaandikisha mgonjwa kwa dakika moja na kidogo. Sistimu ikichukua dakika nne kwa mgonjwa anayerudi, foleni itamshinda na wiki ya pili utamkuta amerudi kwenye kitabu, na hutamlaumu.

Hatua ya tano: ripoti za wizara

Ulize kama inatoa HMIS 105 ya kila mwezi, 108 kama mnalaza wagonjwa, na 033b ya kila wiki. "Inatoa" maana yake sio kwamba kuna kitufe kimeandikwa hivo. Ingiza wagonjwa thelathini kutoka rejista yenu ya zamani bila majina yao, toa ripoti, alafu hesabu kwa mkono ulinganishe, umri kwa umri, wa kike na wa kiume. Mahali pa kuharibika ni pale daktari anapoandika ugonjwa kwa maneno yake, huyu "malaria", huyu "mal", huyu "B/S +ve" (kipimo cha damu kimeonyesha malaria), kompyuta inaona magonjwa matatu. Kwa hiyo uchunguzi uchaguliwe kwenye orodha yenye namba za ICD, ule mpangilio wa kimataifa wa magonjwa, na orodha iwe fupi ya magonjwa ya huku kwetu, sio maelfu yote. Ulize pia kama data inaweza kwenda kwenye sistimu ya DHIS2 bila mtu kuandika upya, manake ndo huko wizara inakokusanya.

Msichukulie hii kama kazi ya kumridhisha mtu wa wilaya. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Congo ikathibitishwa hapa Kasese, na siku kama hizo swali ni moja, nani alikuja na homa na kutapika siku kumi zilizopita, anakaa kijiji gani, na namba yake ni ipi. Jaribu kuiuliza sistimu hilo swali wakati wa demo. Ikichukua zaidi ya dakika tano, uliza kwa nini.

Hatua ya sita: sheria

Muuzaji atakwambia sistimu yake inafuata HIPAA. Hiyo ni sheria ya Marekani ya 1996, sio yetu. Yetu ni sheria ya kulinda data na faragha ya mwaka 2019 na kanuni zake za 2021, na ofisi inayoisimamia ni Personal Data Protection Office iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Rekodi za afya zimewekwa kwenye kundi la data nyeti. Kliniki yenyewe inatakiwa ijiandikishe huko, na muuzaji anayetunza data kwa niaba yako pia, kwa hiyo mwambie akuonyeshe cheti chake. Ulize seva iko nchi gani, manake data ikitoka nje ya Uganda lazima huko iendako kuwe na ulinzi usiopungua wa kwetu, au mgonjwa awe amekubali. Na data ikivuja mnatakiwa mtoe taarifa mara moja, sio mpaka muuzaji ajisikie kukwambia, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba kwamba akijua leo na wewe unajua leo. Mahakama inaweza kuipiga kampuni faini mpaka asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka.

Hatua ya saba: bei ya miaka mitatu

Usilinganishe bei ya kuanzia. Tuseme mmoja anataka 3,000,000 mwanzo na 150,000 kila mwezi. Mwingine anasema "mwanzo bure" na 250,000 kila mwezi. Wengi watamkimbilia wa pili. Piga miezi 36: wa kwanza ni 3,000,000 na 5,400,000, jumla 8,400,000. Wa pili 9,000,000. Na kama huyu wa pili anahitaji bando la intaneti la 100,000 kila mwezi ambalo wa kwanza halihitaji, ongeza 3,600,000, amefika 12,600,000. Juu ya hapo weka laptopu, betri, waya, mafunzo ya kwanza, mafunzo ya pili ya wale watakaoajiriwa baadaye (masista wanahama, tunajua), na nauli na malazi ya fundi kutoka Kampala kila akija, manake kwa watu wa huku au wa Arua fundi akija ni siku ya kusafiri na siku ya kurudi. Ulize wazi, shida ya kawaida inarekebishwa kwa mbali au lazima mtu aje?

Malipo yagawanywe. Sehemu mkisaini, sehemu watu wakishafundishwa, na sehemu nene ibaki mpaka mwezi mzima umekwisha na ripoti imetoka sawa. Ukilipa yote mwanzo hubaki na kitu cha kumwitia.

Hatua ya nane: piga simu kwa wanaotumia

Omba majina ya kliniki tatu zinazolingana na yako. Usiongee na mkurugenzi, ongea na dada wa mapokezi na kijana wa labu. Swali linalotoa ukweli ni hili: "Mara ya mwisho iligoma lini na walikuja baada ya muda gani?" Alafu tafuta mwenyewe kliniki moja iliyoiacha, hiyo muuzaji hatakupa, ulizia kwa wenzako. Waulize waliondoka na data zao au waliziacha.

Hatua ya tisa: jaribu kuachana kabla hamjaoana

Hii ndo ilituumiza kwa hiyo nisikilize vizuri. Siku ile ile ya demo, wale wagonjwa sita wakishaingia, mwambie muuzaji: "Sasa nipe data zangu zote, naondoka." Akupe faili kwenye flashi, sio PDF za kusoma tu, faili ambayo Excel inafungua. Ipeleke kwenye laptopu yako isiyo na sistimu yake, ufungue. Biira watatu wapo? Uzito wa mtoto upo? Aleji ya penisilini ipo? Jibu la labu la kwanza na la pili yapo? Dawa zimeandikwa kwa majina au ni namba namba ambazo hakuna anayejua maana yake? Sisi tulipokuja kupata kidogo cha data zetu baada ya kuhangaika sana, dawa zilikuwa namba, 1147, 1152, na orodha ya kusema 1147 ni nini hatukupewa. Miaka ya kazi ya watu, namba.

Kwenye mkataba uandike mambo haya kwa lugha ya kawaida na wakili ayapitie: data ni za kliniki na wagonjwa, sio za muuzaji. Leseni ikiisha au malipo yakichelewa sistimu inaweza kuzuia kuandika vipya lakini kusoma kunabaki wazi. Kliniki inaweza kutoa data zote yenyewe wakati wowote bila kulipa. Mkiachana anakupa kila kitu ndani ya siku 30 pamoja na orodha za kusema kila namba ni nini, alafu anafuta nakala zake na anaandika barua kuthibitisha. Na paswadi kuu ya seva iliyo ofisini kwako iandikwe kwenye bahasha, ifungwe, ikae kwenye sefu yako. Muuzaji anayekataa haya amekwambia mpango wake mapema, mshukuru umwache aende.

Hatua ya kumi: majaribio ya wiki sita

Usiwashe kila kitu siku moja. Anza na mapokezi na kaunta ya pesa wiki mbili, alafu daktari na famasi, labu mwisho. Usianze siku ya soko. Vitabu viendelee sambamba kwa wiki mbili za kwanza za kila chumba, zaidi ya hapo watu wanachoka kuandika mara mbili na wataacha kimojawapo, na kitakachoachwa ni kompyuta.

Faili za zamani usiziingize zote, utaajiri mtu mwaka mzima kwa watu ambao hawatarudi. Ingiza wa muda mrefu tu, presha, sukari, kifafa, sikoseli, ARV kama mnatoa, akina mama wanaohudhuria kliniki ya ujauzito. Wengine waingie wakija. Mteue mtu mmoja wa ndani, mara nyingi sio daktari, ni yule sista mdogo anayependa simu, mfundishe zaidi, mpunguzie zamu na mwongezee kitu kidogo kwenye mshahara, manake kila mtu atamwita yeye.

Kila Ijumaa chukua rekodi kumi bila kuchagua, linganisha na kitabu. Uzito upo? Uchunguzi upo? Dawa iliyoandikwa ndo iliyotolewa? Andika ngapi kati ya kumi ziko sawa na ubandike ukutani waone wote, sio kwa kumwaibisha mtu.

Wiki ya sita ikiisha, toa ile karatasi ya maswali matatu ya hatua ya kwanza. Mwite sista wa mapokezi, mtu wa labu, wa famasi na muuzaji, mkae chumba kimoja, ruta imechomolewa, na umwambie sista ajibu yote matatu kutoka kwenye sistimu, saa iko mezani. Yakijibiwa, saini. Kama mkono wake bado unakwenda kwenye kitabu, mwandikie muuzaji ni swali gani limeshindikana, mpe wiki mbili, mkae tena, na ile sehemu nene ya pesa ibaki kwako mpaka hapo.